Kukusanya Postikadi za Zamani za Hospitali za Afrika Mashariki: Mwongozo kwa Mkusanyaji

Postikadi ni kipande cha karatasi ngumu chenye picha upande mmoja na nafasi ya anwani na ujumbe upande wa pili, ambacho hutumwa kwa posta bila bahasha. Posta ya Austria-Hungaria ndiyo iliyoitoa kwa mara ya kwanza, tarehe 1 Oktoba 1869, ikiwa bado haina picha, na baada ya mataifa kukutana Bern mwaka 1874 na kuunda umoja ambao tangu 1878 unaitwa Umoja wa Posta Duniani, kadi hiyo iliweza kuvuka mipaka kwa gharama ndogo. Ilipofika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati uchapaji wa picha ulikuwa umeshuka bei, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa imeingia mikononi mwa Wajerumani na Waingereza, na majengo ya hospitali yalikuwa yakisimama Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Mombasa na, mbali na pwani, Mengo huko Uganda. Hospitali ikapigwa picha kama ilivyopigwa picha forodha, reli na ikulu ya gavana, yaani kama ushahidi wa kazi ambayo watawala walitaka ionekane huko kwao Ulaya. Anayetaka kukusanya kadi hizi hana budi kulishika jambo hilo tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini baadhi ya hospitali zina kadi nyingi, nyingine zina chache, na kwa nini mgonjwa huonekana kwa namna fulani tu.

Waliozitoa kadi hizi walikuwa wa aina mbili kuu, na kila aina iliacha alama zake. Aina ya kwanza ni wapiga picha wenye maduka mijini, ambao waliwauzia wasafiri na maofisa: A. C. Gomes wa Unguja, ambaye asili yake ilikuwa Goa, na huko Dar es Salaam C. Vincenti na Walther Dobbertin, ambaye baadaye alijulikana kwa picha zake za Vita Kuu ya Kwanza katika eneo hilo. Hawa walipiga majengo zaidi kuliko watu, na hospitali kwao ilikuwa mandhari mojawapo ya mji. Aina ya pili ni misheni, miongoni mwake Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua kituo Bagamoyo mwaka 1868, Mapadre Weupe, Wabenediktini waliokuwa Peramiho na Ndanda, na Misheni ya Vyuo Vikuu iliyokuwa na hospitali Mkunazini, Unguja. Misheni zilichapisha kadi ili ziuzwe au zigawiwe Ulaya kwa ajili ya kuchangisha fedha. Kwa hiyo sista anaonekana akifunga kidonda, mtoto anapimwa uzito, foleni imejipanga mbele ya zahanati, na maelezo yaliyo chini ya picha humwomba mtazamaji huruma kabla hayajampa habari. Ndiyo sababu pia kadi nyingi za misheni hupatikana leo Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza, wala si katika miji ambamo picha zilipigwa.

Kabla ya kununua hata kadi moja, inafaa mkusanyaji ajiwekee mpaka. Mkusanyo wenye mada finyu hufundisha zaidi kuliko rundo la kila kitu, na mfano mzuri ni wa Michael Zwerdling, muuguzi wa Marekani aliyekusanya kadi za uuguzi peke yake. Zaidi ya kadi 2,500 zilizotokana na juhudi hiyo sasa ziko katika Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo, ambayo ilizifanyia maonyesho mwaka 2014. Kwa Afrika Mashariki mpaka unaweza kuwa mji mmoja, misheni moja, kada moja kama vile wakunga au wauguzi, au jengo moja katika vipindi vyake vyote. Huu wa mwisho, ingawa unaonekana mdogo mno, pengine ndio wenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu kadi sita za jengo lilelile katika miaka tofauti huonyesha ukuta ulioongezwa, baraza lililozibwa, miti iliyokatwa na uzio uliojengwa, mambo ambayo ripoti za idara ya afya huyapita kimya.

Ugumu wa kwanza katika utafutaji ni majina. Hospitali nyingi kubwa za eneo hili zimebadilishwa majina, na muuzaji aliye Hamburg au Lyon huandika tu kile anachokiona chini ya picha. Jengo la Taasisi ya Saratani ya Ocean Road lilikuwa hospitali ya serikali ya Kijerumani, iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, na kwenye kadi za wakati huo litatafutwa kwa neno la Kijerumani Krankenhaus, yaani hospitali, pamoja na tahajia ya Daressalam. Robert Koch, mwanabakteria wa Ujerumani, alifanya utafiti wa malaria Dar es Salaam katika miaka ya 1897 na 1898, na wauzaji hupenda kulitaja jina lake ili kupandisha bei hata pale ambapo kadi haina uhusiano wowote naye. Waafrika na Waasia walitibiwa katika hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897. Hospitali hiyo ilipopitwa na wakati nafasi yake ilichukuliwa katika miaka ya 1950 na Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili, na jina la Sewa Haji bado limo katika wadi mojawapo ya hapo. Kule Nairobi, Hospitali ya King George VI ndiyo Kenyatta ya leo, na hospitali ya uzazi ya Lady Grigg ndiyo Pumwani. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, iliitwa V. I. Lenin kwa miaka kadhaa baada ya Mapinduzi, na kadi yenye jina hilo haiwezi kuwa ya kabla ya 1964, hata kama rangi zake zimefifia kiasi cha kuonekana ya zamani zaidi.

Pamoja na majina ya mahali, mkusanyaji aandike orodha ya maneno ya lugha za kigeni yanayohusu tiba na kuyatumia katika minada ya intaneti: Schwester kwa muuguzi au sista, Aussatz kwa ukoma na Schlafkrankheit kwa malale katika Kijerumani, dispensaire kwa zahanati, léproserie kwa makazi ya wenye ukoma na Soeurs Blanches kwa Masista Weupe katika Kifaransa. Kwa Kiingereza, kadi za kikoloni hutenganisha waziwazi hospitali ya Wazungu na hospitali ya wenyeji, na utengano huo ni sehemu ya historia inayokusanywa, haupaswi kufichwa katika orodha. Vilevile asitegemee maelezo ya muuzaji peke yake, kwani kadi nyingi zenye hospitali hazisemi hivyo. Jengo lililo mbele ya bandari ya Unguja, ambalo mfanyabiashara Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 kwa kumbukumbu ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria na ambalo baadaye lilijulikana kama Zahanati ya Ithnaasheri, limo ndani ya kadi nyingi zilizoandikwa tu kwamba ni mandhari ya bandari au ya mji. Anayelijua kwa roshani zake za mbao zilizochongwa atalitambua, naye ataipata kadi hiyo kwa bei ya mandhari. Hali kadhalika jengo la Kijerumani la Hospitali ya Bombo, Tanga, linaloitwa Cliff Block, huonekana katika picha zilizopigwa kutoka baharini bila kutajwa.

Kukadiria umri wa kadi ndiyo kazi inayohitaji uvumilivu mkubwa kuliko zote, na kanuni yake ya msingi ni kutofautisha tarehe tatu: ya kupigwa kwa picha, ya kuchapishwa kwa kadi, na ya kutumwa kwake. Mhuri wa posta huthibitisha hii ya tatu peke yake. Duka liliweza kuuza akiba ileile kwa miaka mingi, na mpiga picha aliweza kuichapisha upya picha ya zamani kwa maelezo mapya, hivyo mhuri wa 1912 unasema tu kwamba picha haikupigwa baada ya 1912. Kwa tarehe ya uchapaji, ushahidi ulio wazi zaidi ni mgongo wa kadi, yaani upande wa anwani. Hapo mwanzo mgongo ulikuwa wa anwani tu, na mwandishi alilazimika kubana salamu zake pembeni mwa picha; baadaye nchi moja baada ya nyingine ziliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari wa wima, ujumbe ukae kushoto na anwani kulia. Uingereza iliruhusu hivyo mwaka 1902, Ujerumani mwaka 1905 na Marekani mwaka 1907. Kwa hiyo kadi ya Dar es Salaam iliyochapishwa Ujerumani na ambayo mgongo wake haukugawanywa karibu kila mara ni ya kabla ya 1905 au ya mwaka huohuo.

Stempu nayo huzungumza, maana historia ya utawala imeandikwa juu yake. Katika eneo la Wajerumani stempu za mwanzo zilikuwa na thamani ya sarafu iliyoitwa pesa, ambazo 64 zilifanya rupia moja, na mwaka 1905 zikaja heller, 100 kwa rupia. Stempu zenye picha ya meli ya Kaisari zilikuwepo katika mifumo yote miwili. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, stempu za Afrika Mashariki na Uganda ziligongwa juu yake herufi G.E.A. kuanzia 1917, kisha Tanganyika ikapata stempu zake zenye kichwa cha twiga mwaka 1922, na kuanzia 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zikatumia stempu za pamoja. Unguja ilikuwa na zake tangu 1895. Yapo mazoea mabaya ya wakusanyaji wa stempu ya kuibandua stempu kutoka kwenye kadi kwa maji. Kadi iliyofanyiwa hivyo imepoteza shahidi wake mkuu, na mkusanyaji wa hospitali asiinunue ila kama picha yenyewe ni adimu kweli.

Kwa kuwa picha ndiyo inayomvutia kila mtu, namna ilivyochapwa haina budi kuchunguzwa kwa lenzi ya kukuza mara 10. Postikadi ya picha halisi, yaani iliyosafishwa moja kwa moja kutoka kwenye negativu juu ya karatasi ya kupigia picha, haina nukta zozote. Weusi wake huyeyuka polepole kuelekea weupe, na katika sehemu nyeusi huweza kujitokeza mng'ao wa fedha ambao ni dalili ya uzee. Kadi ya kolotaipi, iliyochapwa kwa bamba la kioo lililopakwa jelatini, huonyesha mikunjo midogo isiyo na mpangilio kama ngozi ya mkono wa mzee. Kadi ya uchapaji wa kawaida huonyesha nukta zilizopangwa kwa safu. Kadi halisi ndizo zinazofaa kutafutwa kwanza, kwa kuwa zilitolewa kwa idadi ndogo, mara nyingine na mmishonari mwenyewe, na hubeba undani usiopatikana kwingine: maandishi juu ya chupa za dawa, namba ya kitanda, viraka vya sare. Ama kadi za rangi za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, rangi zake zilipakwa na mafundi wa Ulaya ambao hawakuwahi kuliona jengo, hivyo hazimpi mtafiti ruhusa ya kusema kwamba paa lilikuwa jekundu au kwamba sare ya muuguzi ilikuwa ya buluu. Nakala za kisasa zinazouzwa kama za kale hutambulika kwa nukta zake pale ambapo kadi ya asili haikuwa nazo, na pia kwa taa ndogo ya mionzi ya urujuanimno, kwa kuwa karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha ambayo hutoa mwanga wa buluu chini ya taa hiyo, ilhali karatasi ya 1905 hubaki imefifia.

Kuhusu bei hakuna haja ya maneno mengi. Uadimu, hali ya kadi, mada na ushindani wa siku ya mnada ndivyo vinavyoiamua, na mtu anayefuatilia minada kwa miezi michache bila kununua hujifunza kuliko anayesoma orodha za bei. Jambo moja tu linastahili kupingwa, nalo ni desturi iliyorithiwa kutoka kwa wakusanyaji wa stempu ya kuithamini kadi safi isiyoandikwa kuliko iliyotumwa. Katika mada hii mambo ni kinyume chake. Kadi iliyokunjika pembe, yenye mistari michache ya mwandishi anayemweleza ndugu yake kwamba alilazwa nyuma ya dirisha alilolitia alama ya msalaba, ina thamani ya kihistoria ambayo kadi mpya haiwezi kuifikia. Mwandiko wa zamani wa Kijerumani ni mgumu kusomeka, lakini mtu anaweza kujifunza kuusoma, na anayeshindwa asiuache ujumbe bila kuuskani kwa matumaini kwamba mwingine atausoma.

Sehemu nzito ya kazi hii ni watu walio ndani ya picha. Wagonjwa wa ukoma, wa malale na wa vidonda walipigwa picha katika mazingira ambamo kukataa hakukuwa rahisi, wengine wakiwa uchi, kisha nyuso zao zikasafirishwa duniani bila majina yao. Kwenye Visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, Koch aliendesha kambi ya malale katika miaka ya 1906 na 1907 akijaribu dawa ya Atoxyl, yenye aseniki ndani yake, na baadhi ya wagonjwa waliopewa dozi kubwa walipofuka. Kadi ya kambi ya namna hiyo haiwezi kuwekwa katika albamu kana kwamba ni mandhari ya ufukwe. Si lazima mkusanyaji aziepuke kadi hizi, kwa kuwa kuzificha ni kuifuta habari yenyewe, ila zipo taratibu zinazomlinda mgonjwa na mkusanyaji pia. Maelezo ya awali ya kadi yanakiliwe neno kwa neno ndani ya alama za kunukuu, hata yakiwa ya dharau, kisha maelezo mapya yaandikwe kwa lugha ya heshima. Picha ya mtu aliyevuliwa nguo au mwenye majeraha isipakiwe kwenye mitandao ya kijamii, na katika maonyesho ya hadhara ifunikwe au iambatane na maelezo ya mazingira yake. Kijiji au kituo kikitajwa, ikumbukwe kwamba wajukuu wa waliomo wanaweza kuwa hai na kusoma. Wauguzi na wasaidizi Waafrika wanastahili juhudi ya pekee, kwani kadi humtaja daktari Mzungu kwa jina na kuwaacha wao nyuma yake bila jina, ijapokuwa kumbukumbu za misheni mara nyingine zinaweza kusaidia kuwatambua. Huko Mengo, ambako daktari mmishonari Albert Cook alianzisha hospitali mwaka 1897, na katika mafunzo ya wakunga aliyoyasimamia mke wake Katharine, kutafuta majina ya namna hiyo ni kazi inayofaa mtu kuianza.

Uhifadhi kwenye pwani ni vita na unyevu. Karatasi na picha hukaa vizuri pale unyevu wa hewa unapokuwa kati ya asilimia 30 na 50, lakini Dar es Salaam, Mombasa na Unguja mara nyingi huzidi asilimia 70, kiasi ambacho kuvu hustawi na jelatini ya picha hulainika na kugandamana na plastiki. Kila kadi iwekwe katika mfuko wake wa poliesta au polipropilini, kamwe isiwe plastiki ya PVC, ambayo hutoa kemikali zinazoharibu picha, na mifuko isimamishwe wima ndani ya sanduku la karatasi isiyo na asidi. Vipakiti vya silika, yaani chembe zinazofyonza unyevu, viwekwe ndani ya sanduku linalofungika vizuri na vikaushwe au vibadilishwe vinapobadili rangi. Sanduku lisikae sakafuni kwa sababu ya mchwa na mafuriko, wala lisiegemee ukuta wa nje. Gundi, utepe wa plastiki, mipira ya kufungia na lamination ni maadui wasiosameheka. Anayetaka kutundika picha ukutani atundike nakala.

Namba ya kumbukumbu iandikwe juu ya mfuko, si juu ya kadi, na rejista ionyeshe walau jina la hospitali la wakati huo na la sasa, mchapishaji, namna ya uchapaji, tarehe tatu zilizotajwa hapo juu kila moja peke yake, ujumbe uliosomeka, na mahali kadi iliponunuliwa. Pande zote mbili ziskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, na faili zihifadhiwe mahali pawili. Mkusanyaji anayehitaji kulinganisha ana hazina kubwa bila kusafiri: Mkusanyo wa Winterton wa picha za Afrika Mashariki za 1860 hadi 1960 katika Chuo Kikuu cha Northwestern, hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California, na picha za Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, zote zinatazamika kwenye intaneti.

Kilichobaki nchini Tanzania kipo zaidi ndani ya kabati za watu: albamu za wakunga wastaafu, masanduku ya parokia, droo za waganga wakuu waliokwisha kuhama. Anayekuta kadi au picha za namna hiyo asizitupe wala asizigawe mojamoja. Aandike kwanza ni za nani na zimetoka wapi, kisha aulize Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, au Nyaraka za Zanzibar zilizoko Kilimani, kabla mnunuzi wa nje hajafika mlangoni.